Waya wa Vikuku vya Bibi

Haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka. Sikuwa nimelewa na sikuwa na homa. Kaka yangu Masanja yu hai na ukimuuliza atakwambia sehemu yake. Sehemu iliyobaki naijua mimi peke yangu, basi niamini au uache.

Masanja alirudi kutoka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, akiwa na vitu viwili: pikipiki kuukuu ya jeshi na ngiri aliyoipata kwa kubeba mawe. Pikipiki alinikabidhi mimi, kwa sababu nilipomaliza darasa la nne nilifanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na fundi wa pale alinifundisha mambo ya betri na plagi. Ngiri alibaki nayo mwenyewe. Alikuwa akiisukuma ndani kwa kiganja na kusema, "Lala, mgeni."

Siku moja asubuhi mgeni akakataa kulala. Tumbo la Masanja likakaza kama ngoma, akaanza kutapika. Hospitali ni Kolandoto, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Lori la pamba lilikuwa limepita jana yake. Mama akanitazama, akaitazama pikipiki.

Pikipiki ile ilikuwa na ugonjwa wake pia. Ukiiwasha inaunguruma vizuri, ukikata usukani kushoto inazima. Nilichukua taa yangu ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Nikagusa kwenye betri, ikawaka. Nikagusa kwenye swichi, ikawaka. Nikagusa kwenye koili huku nimekata usukani, ikafa. Basi ugonjwa uko hapo katikati, kwenye waya unaotoka kwenye swichi na kupita chini ya tangi. Nikauchomoa. Panya walikuwa wamekula kitambaa chake, na shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Waya mwingine nitaupata wapi? Waya wa uzio ulikuwepo, lakini ule ni chuma. Fundi wangu alikuwa akisema chuma hupitisha moto shingo upande, kisha kinachemka na kukuunguzia kila kitu. Ilitakiwa shaba. Na pale kwetu shaba ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya kitanda cha mama: vikuku vya bibi.

Unavijua vikuku vile? Ni singa za mkia wa ng'ombe zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mzunguko kwa mzunguko, mpaka singa haionekani. Bibi alivaa vingi katika kila mguu, na akitembea vilisema cha, cha, cha. Alipokufa, mama alivivua na kuvifunga mafungu mawili, la mguu wa kulia na la mguu wa kushoto, vimsubiri mdogo wetu Kabula siku ya kuolewa. Hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Bibi mwenyewe alisema hivyo kabla ya kufa.

Mama alikuwa nje akimkanda Masanja. Nilishusha kibuyu, nikatoa fungu la mguu wa kulia, nikaanza kufungua. Sikuogopa. Sikuona huzuni pia. Nilikuwa nahesabu urefu tu. Nikasokota nyuzi saba pamoja, nikazizungushia vipande vya kanga vilivyochovywa kwenye nta, na pale waya unapogusa chuma nikafunga mpira wa baiskeli usije ukapiga shoti. Fungu la pili sikuligusa, kwa kuwa moja lilitosha.

Nilipopiga kiki, ikawaka. Nikakata usukani kushoto, kulia, kushoto. Haikuzima.

Tulimfunga Masanja mgongoni kwangu kwa shuka.

"Nimekuwa mtoto wako leo," akanong'ona. "Nikilia unipe uji."

"Nyamaza, kaka."

"Nawe uendeshe. Usije ukamsalimia kila ng'ombe."

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mto wa mchanga, ule unaokauka kiangazi. Jua lilikuwa limeanza kuinama, kama saa tisa. Katikati ya mchanga pikipiki ikazima. Hapakuwa na kona, na usukani nilikuwa nimeunyoosha. Nilimfungua Masanja nikamlaza kivulini mwa ukingo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa na midomo imekauka.

Nikapima. Betri, ikawaka. Swichi, ikawaka. Koili, hakuna. Nikaubonyeza waya wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haukuwa umekatika.

Hapo ndipo nikasikia. Cha. Kimya. Cha. Kimya. Kama mtu anayetembea kwa miguu miwili lakini mmoja tu ndio unaosema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kaniki, anakuja juu ya mchanga bila haraka. Uso wake sikuujua. Nilitazama miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa umejaa vikuku mpaka karibu na goti. Wa kulia ulikuwa mtupu, na ngozi yake imebaki na alama nyeupe za mviringo, nyingi, kama ya mtu aliyevua jana.

"Mwadila, ng'wanawane," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mwanangu.

"Mwadila, mayu," nikajibu, yaani mama. Kisha nikaongeza, "Shikamoo, bibi." Sijui kwa nini nilisema bibi. Hakuwa mzee.

"Marahaba." Akainama kutazama chini ya tangi. "Kumbe siku hizi chuma nacho kinavaa vikuku. Kimependeza. Ila hakijui kutembea navyo."

Nikaufunika waya kwa kiganja.

"Nipe changu niendelee na safari. Mguu mmoja unanichosha."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi sikuwa na mahali pa kukimbilia na kaka yangu amelala pale. Nikamwambia, "Bibi, kaka anakufa. Niache nimfikishe Kolandoto. Nitakurudishia."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho ya kwenu naijua." Alimtazama Masanja kwa muda mrefu. "Huyu ndiye aliyekuwa ananiibia karanga. Haya. Lakini mwenye kuazima huacha rehani."

"Sina kitu, bibi."

"Una mkono."

Akanyoosha wake, nami nikampa wangu wa kulia, kama mtu anavyompa mkono mgeni. Nimeulizwa mara nyingi kama ulikuwa wa baridi. Haukuwa wa baridi wala wa moto. Niliuona umeshika wangu, lakini sikuuhisi. Ilikuwa kama natazama mikono ya watu wengine wawili.

Aliponiachia akasema, "Washa," akaendelea na njia yake. Cha. Kimya. Cha. Sikugeuka kumtazama.

Nilimfunga Masanja tena mgongoni. Kiki moja tu, ikawaka. Haikuzima tena mpaka uwanja wa hospitali.

Walimpasua jioni ileile. Msaidizi mmoja alitoka akanikuta nimekaa chini. "Mngechelewa kidogo tu, mngetuletea maiti," akasema. "Mshukuru Mungu na pikipiki yenu." Niliitikia kwa kichwa. Ilinipasa nilie au nicheke, lakini kifuani hapakuwa na kitu.

Asubuhi nilitaka kurudi nyumbani, niufungue ule waya na kuuzungusha tena kwenye singa. Nilikuwa nimeahidi. Lakini pikipiki haikuwaka. Nilipiga kiki mpaka jasho likanitoka, ndipo akaja fundi mmoja kutoka Mwadui, aliyekuwa amemleta mkewe.

"Umepima?"

"Koili haipati moto."

Akaingiza mkono chini ya tangi, akachomoa waya wangu. Aliukunja mara mbili kama kamba ya kiatu, kisha akauchana kwa kisu. Akacheka.

"Dogo, nani alikudanganya kwamba kanga inapitisha moto?"

Ndani hamkuwa na kitu. Nta ilikuwepo, vitambaa vilikuwepo na vimeshika umbo la waya, lakini shaba haikuwepo hata uzi mmoja.

"Ulifikaje hapa?" akaniuliza. "Uliisukuma?"

"Niliendesha," nikasema.

Akaacha kucheka. Alinikatia kipande cha waya mzuri wenye mpira mwekundu, kisha akanitazama nikifunga.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Hakunipiga. Alishusha kibuyu, tukakuta fungu la mguu wa kushoto peke yake. Nikamwambia nitanunua shaba mpya niipeleke kaburini.

"Uliahidi nini?" mama akaniuliza.

"Kumrudishia chake."

"Basi shaba ya dukani si yake. Rehani hukombolewa kwa kitu kilekile, nacho hakipo tena."

Hata hivyo niliipeleka. Mkono haukurudi.

Mkono wangu wa kulia unashika, unafungua skrubu, unaandika haya unayosoma, lakini hauhisi. Sasa natengeneza pikipiki kando ya barabara ya Mwadui na watu hunisifu, kwa sababu nashika plagi kwa vidole injini ikiunguruma na sishtuki. Wanadhani ni ufundi. Mara mbili nimeungua kwenye bomba la moshi nikajua kwa harufu. Masanja aliporudi kutoka hospitali alinishika mkono huu kwa mikono yake yote miwili, akaushika muda mrefu. Nilimwona akifanya hivyo.

"Kule mchangani ulikuwa unaongea na nani?" akaniuliza. "Mimi sikufumbua macho. Nilisikia kikuku cha mguu mmoja tu."

Nawe unayesoma, kama una pikipiki kuukuu, nisikilize. Nunua waya dukani, hata kama duka liko mbali. Ukikosa shaba, subiri. Ukishindwa kusubiri kwa sababu mtu wako anakufa, na ndivyo ilivyokuwa kwangu, basi kabla hujafungua kitu cha marehemu mwombe kwanza kwa sauti, na useme wewe mwenyewe utaacha nini. Usingoje akuchagulie.

Kabula ameolewa mwaka huu, kijiji cha jirani. Alikataa kabisa kwenda bila vikuku, akavaa fungu lile moja lililobaki, kwenye mguu wa kushoto. Huja kutusalimu kila baada ya siku chache. Nikiwa nimeinama kwenye injini husikia kwanza. Cha. Kimya. Cha. Kimya. Huweka koleo chini, na siinui uso mpaka anisalimu, nijue ni yupi kati yao.