Ng'ombe wa Posho

Siku mkaguzi alipokuja nyumbani kwa mama, nilimwomba mama jambo moja tu. Alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamwambia, "Mama, akikuuliza kama mwalimu anakulipa pango la chumba, sema ndiyo. Basi. Usiongeze neno."

"Kwani mimi nina kawaida ya kuongeza maneno?" akauliza, macho yakiwa kwenye ungo.

Anayo. Mama yangu ukimuuliza saa ngapi, atakueleza kwanza ile saa ya ukutani ilinunuliwa wapi. Nilikuwa roho juu tangu alfajiri, na mimi nikiwa na wasiwasi nagombana na kila kilichopo, hata kuku.

Nieleze kidogo jinsi tulivyofika hapo. Mimi ni mhasibu wa shule moja ya sekondari huku juu mlimani, nusu saa kwa bodaboda kutoka Moshi mjini. Shule ilihangaika sana kupata mwalimu wa fizikia, mwishowe ikamleta mmoja kutoka Malawi. Ikamdhamini yenyewe. Kibali chake cha kazi kimeshikwa na shule, na shule ikimwacha leo, kesho anafunga mizigo. Juu ya mshahara akawekewa posho ya nyumba na posho ya chakula, na posho hizo hazikukatwa kodi, kwa sharti kwamba ziende kweli kwenye nyumba na chakula. Akikutwa anakaa bure na kula bure, posho zote zinahesabiwa kuwa mshahara tangu mwezi wa kwanza, na shule ndiyo inayobanwa. Mkuu wa shule alishaniita ofisini akafunga mlango. "Bodi ya shule imeleta mkaguzi," akasema. "Akikuta kasoro, mimi siombi kibali kingine. Sina nguvu ya kubishana na mtu."

Kibali kilikuwa kimebakiza wiki tatu. Mwalimu alikuwa na mke na binti wa miaka sita kwao, na alikuwa amewaahidi kwamba Januari watakuja. Yule binti alikuwa anamwimbia kwenye simu kila Jumapili.

Mkataba wa pango niliuandika mimi, ukurasa mmoja. Mama aliusaini huku anakimbilia kukamua, akauliza tu ni wa nini. Nikamjibu ni utaratibu. Chumba chenyewe kiko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kina mlango wake na bomba lake. Kila mwisho wa mwezi mwalimu alimkabidhi mama bahasha kwa mikono miwili, maana mama hataki hela za kwenye simu. Bahasha nilikuwa naziona kwa macho yangu. Kwa upande wa pango nilikuwa na uhakika.

Kilichonitia hofu ni chakula. Wiki ya kwanza tu, mama alimkuta mwalimu anakaanga yai peke yake kwenye jiko dogo la gesi, akarudi jikoni amenuna utadhani katukanwa. Huku kwetu mtu akilala ndani ya kihamba chako, shamba la migomba ulilorithi kwa wazee, halafu akajipikia kama yuko gesti, majirani watakusema mpaka kanisani. Kuanzia siku ile sahani ya mwalimu ikawa inafunikwa mezani. Mtori wa ndizi na nyama, kiburu cha ndizi na maharage, chochote tulichokula sisi. Naye, kwa kuwa ni mtu mwenye haya, Jumamosi akawa anashuka mjini, soko la Pasua, na kurudi na mchele, sukari na mafuta, anaviweka jikoni kwa mama. Nikajisemea, sawa, posho ya chakula imekwenda kwenye chakula. Mtu asipotuchimba sana, tutapita.

Mkaguzi alifika saa saba mchana. Mtu wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Mama hakumruhusu afungue begi kabla hajala. Akawekewa bakuli la mtori, akanywa, akaongezwa, akanywa tena. Mimi nimekaa pembeni natabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Hatimaye akatoa daftari. "Mama, mwalimu anayekaa hapa anakulipa pango?"

"Ndiyo," mama akasema.

Nikashusha pumzi. Mkaguzi akaandika. Angefunga daftari pale pale, mambo yangeishia hapo. Lakini mama aliitazama ile kalamu inavyoandika, na nadhani alimwonea huruma mgeni wake anayeondoka na habari nusu.

"Ananipa," akaongeza. "Ila mimi sijala hata senti yake. Nitakulaje hela ya mtoto wa watu, yuko huku mbali na mama yake?"

Kalamu ikasimama. 

"Sasa hela iko wapi, mama?"

"Iko bandani. Njoo nikuonyeshe."

Tukamfuata kati ya migomba, mkaguzi anaruka matope na viatu vyake vya mjini. Bandani kulikuwa na ng'ombe wawili. Mmoja ni wetu wa siku zote. Wa pili ni yule mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, aliyeletwa kutoka Kahe, kule tambarare, mwaka uliopita akiwa mtamba, hajazaa bado. Gari la kumpandisha nililitafuta mimi mwenyewe. Muda wote nilijua ni ng'ombe wa mama.

"Huyu ni wa mwalimu," mama akasema, anampapasa shingo. "Nilikusanya bahasha zake mpaka zikatosha. Namtunzia, na bahasha zilizofuata zimekwenda kwenye pumba na dawa zake. Ana mimba sasa. Mkewe akija Januari, mtoto atakuta maziwa."

Nilibaki mdomo wazi. Lakini mimi, mtu wa huku, sikupaswa kushangaa. Wazee wetu waliwekeana ng'ombe mabandani miaka yote: wewe uko mbali, mimi nina banda na majani, nakutunzia ng'ombe wako, nachukua samadi na maziwa kidogo, na ng'ombe anabaki wako hata upite muda gani. Mama alimfanyia mwalimu vile vile, tena bila kumwambia, ili iwe zawadi. Hakuona cha kuficha. Alikuwa anajivunia.

"Kwa hiyo," mkaguzi akasema polepole, "posho ya nyumba imenunua ng'ombe, na ng'ombe ni wa mwalimu."

"Wake kabisa," mama akasema.

Na mwalimu naye akatokea muda huo huo kutoka shuleni, chaki imejaa kwenye mikono ya shati. Kabla hajasalimia mtu, mama akamwambia, "Umechelewa. Nenda ukale, chakula kinapoa."

Mkaguzi akaliandika na hilo.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu ningependa kupata mtu wa kumchukia. "Dada," akaniambia, "mimi nimeona mtu anakaa bure, anakula bure, na posho imegeuka mifugo. Ungekuwa wewe ungeandika nini?" Akatazama nyuma kuelekea kwenye migomba. "Niletee maelezo ya mwenye nyumba Jumatatu. Yaandikwe, ayasaini. Nitakachosoma ndicho nitakachopeleka."

Nikarudi nikamfokea mama yangu. Naandika hivyo kwa aibu, lakini nilimfokea, nikiwa na miaka yangu arobaini na mbili. Nikamwambia amemfukuza mwalimu kwa mdomo wake. Nikamwambia wema wake hauna akili. Mama alisimama akiwa ameshika ndoo ya kukamulia, akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia mwalimu. "Ni kweli anavyosema? Nimekuharibia?"

Mwalimu alikuwa bado anamwangalia yule ng'ombe. "Nina ng'ombe mwaka mzima na sijui," akasema, akacheka. Halafu akakaa juu ya gogo, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye chaki, na hakucheka tena.

Jumapili baada ya ibada nikakaa na mama mezani. Maelezo niliyaandika kwa maneno machache: kwamba amepokea pango la chumba kila mwezi, kwamba ng'ombe aliyenunuliwa kwa fedha hiyo ni mali ya mwenye nyumba, na kwamba mpangaji anajigharamia chakula chake. Mama akavaa miwani. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili, kidole kinafuata mstari.

"Huu ni uongo," akasema.

"Mama, haya ni maelezo tu."

"Ng'ombe ni wake. Bado nina gauni la kanisani mwilini, unataka nisaini kwamba nimechukua ng'ombe wa mtu?"

Hasira zikanipanda tena, nikafungua mdomo. Mwalimu akanitangulia. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. "Mama," akasema, "kama si wako, mimi sitakuwepo kumwona akizaa."

Mama akavua miwani. Nikasikia mahindi yakipukuchuliwa kwa jirani. Nilimjua mama. Alikuwa hatafuti njia ya kudanganya. Alikuwa anatafuta njia ya kutodanganya.

"Nikisaini," akasema mwishowe, "itakuwa hivi kweli. Siwezi kusaini jambo leo, kesho lisiwe kweli. Ng'ombe atakuwa wangu. Bahasha nitazila. Na wewe utakuwa mpangaji, utapika chakula chako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama," mwalimu akasema.

Akasaini. Mimi nilifurahi. Niliikunja ile karatasi nikaitia kwenye bahasha, na sikumtazama hata mmoja wao usoni.

Jumatatu mkaguzi aliisoma amesimama. Akauliza kama huyu ndiye mama yule yule wa mtori. Nikasema ndiye. "Basi huyo hasaini asichokiamini," akasema, na akaiweka kwenye faili. Wiki mbili baadaye kibali kipya kikatoka.

Nilidhani mama atajisahau baada ya siku chache. Hakujisahau. Jioni ya kwanza alipanga sahani mezani, akahesabu, akaichukua moja akairudisha kabatini. Tukala. Yaani mimi nilikula. Yeye aligeuzageuza kiburu chake na kijiko mpaka kikawa cha baridi. Kutoka nyuma ikaja harufu ya yai linalokaangwa, na tukasikia mwiko unagonga kikaango. Mama akasimama akafunga dirisha. Nilitaka kumwambia aache, hakuna anayekuja kuchungulia sufuria zetu. Sikuweza, maana karatasi niliiandika mimi.

Mwalimu akawa anapita uani na kusema "shikamoo mama," naye anajibu "marahaba," na kila mmoja anaendelea na njia yake. Mwisho wa mwezi bahasha ilikuja kama kawaida. Mama akaifungua mbele yake, akanunua mabati ya kuezeka banda. Alikuwa ameahidi kuila, akaila. Wiki ile ile nilimkuta jikoni analia, nikamuuliza kuna nini, akasema ni moshi. Tunapikia gesi.

Januari mke na binti wakafika. Kabla ya karatasi ile, mama alikuwa amepanga kuchinja mbuzi. Sasa aliwaonyesha bomba, akawaonyesha pa kutupa takataka, akawakabidhi ufunguo wa pili, akarudi ndani. Ng'ombe alikuwa amezaa wiki moja kabla, ndama jike.

Mtoto hujifunza lugha upesi. Kufikia Machi yule binti alikuwa anazungumza Kiswahili cha huku, na cha shuleni, na cha matusi kidogo. Jumamosi moja nilikuwa bandani na mama wakati anakamua, binti akaja na jagi la plastiki na noti iliyokunjwa kwenye ngumi.

"Shikamoo mwenye nyumba," akasema.

Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Hakumjua kwa jina lingine. Niliona mama anaacha kukamua, mkono umebaki juu ya chuchu ya ng'ombe.

"Marahaba."

"Baba amesema nusu lita. Amesema nikulipe kwanza."

Mama akaifuta mikono kwenye kanga, akaipokea noti, akaitia kifuani. Ni maziwa ya yule yule ng'ombe mwekundu. Nilitaka ardhi inimeze. Akachukua kipimo, akapima nusu lita kamili, akamimina kwenye jagi. Halafu akapima nusu nyingine, akamimina. Halafu akaweka kipimo chini, akainua ndoo yenyewe, akamimina mpaka maziwa yakafika ukingoni na binti akalazimika kulishika jagi kwa mikono miwili. Akamwekea na chane ya ndizi mbivu juu ya mkono.

"Mama," nikasema kwa sauti ya chini, "amelipia nusu lita."

"Najua alicholipia. Nusu nimemuuzia." Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mtoto anavyokwenda polepole kati ya migomba ili asimwage. "Iliyobaki ni nyongeza. Hata sokoni mteja hupewa nyongeza. Au kwenye ile karatasi yako uliandika kwamba nyongeza ni marufuku?"

Nikaipitia karatasi ile kichwani, mstari kwa mstari. Nikamwambia hapana, sikuandika.