Dole la Mama Dorika

Siku ya kwanza kuripoti kazini kama Mtendaji wa Kijiji nilikabidhiwa vitu vitatu: mhuri wa kijiji, kidau cha wino na daftari la mihtasari lenye jalada gumu. Kijiji kilikuwa milimani, si mbali na Mapera, kwa watu wa kahawa na mahindi. Mimi ni Mmatengo, kwa hiyo sikujiona mgeni. Bosi wangu, Afisa Mtendaji wa Kata, hakuuliza hata kama nimekula. Alinisimamisha mbele ya meza yake akasema, "Kijana, mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na watu, wewe umeajiriwa. Yeye anaongea, wewe unaandika. Mkutano usioandikwa haukufanyika." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee," nikaondoka na daftari langu kwapani.

Niwaeleze ninyi mnaoanza kazi hii kwa simu na kompyuta. Mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote watu wazima, si wateule wachache. Halmashauri ya kijiji inaweza kujadili na kupendekeza, lakini ardhi ya kijiji haitolewi mpaka mkutano mkuu uridhie. Mpiga mbiu alipita kila kitongoji akitangaza siku na ajenda. Watu wakifika, tulihakikisha akidi, yaani idadi inayotosha kukihalalisha kikao. Kisha tulizungusha karatasi ya mahudhurio. Anayejua kuandika aliweka sahihi, asiyejua aliweka dole gumba. Tuliizungusha mwanzoni kwa sababu msimu wa kahawa watu walitoroka kabla hatujafika kwenye mengineyo.

Karatasi ile haikuwa na ajenda. Juu iliandikwa "Mahudhurio", jina la kijiji na tarehe, basi. Maneno yote ya mkutano yalibaki kwenye daftari. Kwa miaka mingi sikuona kasoro yoyote hapo, na hilo linanikera mpaka leo.

Kutoka huko nilihamishiwa Kitura. Mwenyekiti niliyemkuta huko alikuwa mtu mpole, hapigishi kura mpaka wanaopinga wamemaliza kusema. Tuliwahi kushinda kutwa nzima tukibishana mahali pa kujenga darasa. Nilinung'unika kimoyomoyo kwamba tunapoteza muda. Ningejua yaliyokuwa yananingoja ziwani, ningekaa pale nikajifunza.

Kijiji cha ziwani nilichohamishiwa baada ya Kitura sitakitaja, wenyewe watajijua. Wakati huo Nyasa ilikuwa haijawa wilaya, sote tulikuwa Mbinga. Watu wake walikuwa Wanyasa na Wampoto, wavuvi na wakulima wa mihogo, na walinipokea kwa utani. Walisema Mmatengo akiona maji mengi kiasi kile huanza kutafuta mahali pa kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani. Kati ya watani hao alikuwamo Mama Dorika, mjane aliyeanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja zake upande wa kusini wa ufukwe, pale penye mchanga safi na upepo wa kutosha. Alikuwa hajui kusoma, lakini hakukosa mkutano hata mmoja, na hakuna aliyeuliza maswali kumzidi.

Siku moja tuliitisha mkutano wa kugawa vyandarua. Watu walijaa kuliko siku zote. Nilizungusha mahudhurio, Mama Dorika akaweka dole lake, akachukua chandarua, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alikuja Afisa Mtendaji wa Kata yetu. Huyu alikuwa mwingine, kijana kuliko mimi na mwenye haraka. Alifuatana na mgeni aliyevaa viatu vya kung'aa, ambaye hakutambulishwa kwangu. "Mtendaji," akasema, "niazime yale mahudhurio ya juzi. Wilayani wanataka kuona mwitikio wa wananchi wako."

"Bila muhtasari wake?" nikauliza.

"Muhtasari upo. Wewe funika kombe mwanaharamu apite."

Nikampa. Msije mkasema nilidanganywa. Niliona viatu vile, nikasikia jibu lile, nikajua kuna jambo. Niliogopa kuonekana mkaidi, nikafungua kabati nikampa karatasi zenye vidole vya watu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mama Dorika alikwenda kuanika usipa, akakuta kigingi cha zege kimechimbiwa chini ya chanja yake, na vingine vimepangwa ufukwe mzima. Alikuja ofisini na wanawake wenzake, kanga zimefungwa viunoni. Afisa wa Kata naye alifika mchana na nakala ya muhtasari mkononi. Iliandikwa kwamba mkutano mkuu wa kijiji, kwa kauli moja, umeridhia ufukwe wote apewe mwekezaji ajenge hoteli. Muhtasari ule sikuuandika mimi. Nyuma yake yalikuwa yamebandikwa mahudhurio ya vyandarua.

Mama Dorika aliichukua ile nakala akapekua kurasa polepole, mpaka nikamwonyesha jina lake mwenyewe.

"Hili dole ni langu?"

"Ni lako, mama."

"Nililiweka siku ya chandarua."

"Ndiyo, mama."

"Sasa ufukwe niliukubali lini?"

Afisa wa Kata akadakia, "Mama, serikali haiwezi kumpigia goti kila mtu. Ulihudhuria, maana yake ulikubali."

"Hata msibani nahudhuria," akasema Mama Dorika. "Kwa hiyo nami nimekubali kuzikwa?"

Wanawake walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliendelea kunitazama mimi, akamwacha yule mkubwa wangu. Hasira iliyonipanda saa ile sijawahi kuipata tena. Sehemu yake ilikuwa ya yule bwana, na sehemu kubwa ilikuwa yangu mwenyewe. Nilifungua daftari la jalada gumu nikasoma kwa sauti muhtasari wa tarehe ile, kuanzia kufungua kikao hadi kufunga. Ajenda ilikuwa moja, vyandarua. Kisha nikasema mbele ya wote kwamba karatasi zile nilizitoa mimi, kwa mkono wangu.

"Utajuta," Afisa wa Kata aliniambia, akawasha pikipiki.

Habari zilifika wilayani. Mkuu wa Wilaya alikuja mwenyewe, akalisoma daftari, akaamuru vigingi ving'olewe na mkutano uitishwe upya. Mbiu ilipigwa siku tatu. Mwekezaji alikuja akasimama akajieleza, akaulizwa maswali mpaka akavua koti. Mama Dorika alisema kwa kirefu kwamba hataki, akataja upepo, mchanga na watoto aliowasomesha kwa usipa wa pale. Wengine wakasema vijana wao wanahitaji kazi. Mwisho watu walinyoosha mikono. Upande wa kusini ulitolewa, upande wa kaskazini ukabaki wa kijiji pamoja na njia ya kushukia majini. Chanja za Mama Dorika zilikuwa kusini.

Safari hii sikuzungusha karatasi mwanzoni. Niliandika juu yake ajenda na uamuzi, nikasoma muhtasari wote, pamoja na majina ya waliokataa na sababu zao. Ndipo nikaanza kupitisha wino. Nilidhani Mama Dorika angeondoka. Alisema, "Nisomee tena pale niliposema hapana." Nikamsomea. Akaweka dole. Kesho yake aling'oa chanja zake kwa mikono yake akazihamishia kaskazini, na hakuna mgambo aliyetumwa kumsimamia.

Sasa niambieni, yule Afisa wa Kata alikuwa anakimbilia wapi? Alichotaka kukiiba, sehemu yake kubwa angepewa kwa kuomba tu! Dharau gani hii, kuwaona watu wazima waliozaa na kujukuu kama magunia ya kuhesabiwa mlangoni? Mnapokea mshahara kwa jina la wananchi, mnasimama jukwaani mkisema wananchi wameshirikishwa, na ukiuliza walisemaje unaonyeshwa orodha ya majina. Orodha haisemi kitu. Anayetawala watu ambao hakuwauliza hana tofauti na anayeingia nyumba ya mtu bila hodi, hata akiwa na mhuri mfukoni.

Mimi nilipata barua ya uhamisho, "kwa manufaa ya umma", nikapelekwa Liparamba. Yule bwana alipandishwa cheo. Nilifanya kazi Liparamba mpaka nikastaafu, na popote nilipokaa mahudhurio yalisainiwa mwisho, muhtasari ukishasomwa. Watendaji wenzangu walinicheka kwamba nawachelewesha watu. Wengine wananicheka mpaka leo, na wacha wacheke.

Kwa miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa nimelipa kosa langu. Nilisema ukweli hadharani, nikaadhibiwa, yakaisha. Mwaka huu nilishuka ziwani kwenye ubarikio wa kanisani, nikamkuta Mama Dorika ameketi na wajukuu. Amezeeka sana. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, Mtendaji," tukaongea habari za mvua na samaki. Nikamwuliza kama bado inamuuma kuupoteza ule upande wa kusini.

"Kule nilishindwa," akasema. "Watu walisema, na mimi nikasema, wakanishinda. Haliniumi hilo. Linaloniuma ni lile dole ulilomgawia mwenzako."

"Lakini mama, nilidhani lile ulishanisamehe siku nyingi."

"Nani alikwambia?"

Nikasogeza kiti changu karibu naye.

"Ulikuja lini kuniomba?" akauliza, bila ukali wowote.

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemsemea tena, mimi niliyejidai kuwafundisha wengine. Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti pale mchangani, mbele ya wajukuu zake, nikamwomba msamaha kwa kutaja kosa lenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, Mtendaji," akasema. "Ngoja nifikirie."

Hajanijibu.