Kuku wa Pete Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Apariteri alinipa ndoo ya gundi, brashi na karatasi za matokeo ya mwaka mzima. Akaniambia: "Enda kwenye valvu, bandika zote. Ukimaliza, kimbia." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwa ninyi mnaosoma leo na kupata matokeo kwenye simu, nieleze. Apariteri ni ofisi ya chuo kikuu inayotunza faili za wanafunzi, inayotangaza ratiba na kusoma majina ya waliofaulu. Mtu wa ofisi hiyo naye anaitwa apariteri. Valvu ni ubao wa matangazo ukutani. Nilipobandika karatasi ya mwisho, wanafunzi walikuja kwa wingi hata ubao ukang'oka, nami nikabaki chini yake, mashavu yamejaa gundi, huku watu wakiinama juu yangu kutafuta majina yao. Hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Mmoja aliniomba nisogeze kichwa, kilikuwa kimefunika pointi zake za kemia.

Kesho yake alikuja mama mmoja kutoka Bule na gunia la viazi. Mwanawe alikuwa ajurne, yaani hakufaulu na alipaswa kurudia mitihani. Akaniambia kwa upole: "Papa, ni weye njo uliandika ile jina. Ondoa tu, uweke juu kidogo." Nikamjibu: "Mama, wanaoandika ni maprofesa. Miye ni gundi tu." Alinitazama, akatazama gunia, akasema kumbe amebeba viazi bure toka Bule. Alikwenda nalo kumtafuta profesa. Sijui walimalizana vipi, lakini nakumbuka mwanawe alifaulu kikao cha pili kwa jasho lake, maana nilimwona akisoma hadi kwenye foleni ya maji.

Mkuu wangu huyo wa kwanza alikuwa mtu mwembamba, mwenye tai moja na kanuni nyingi. Ndiye aliyenifundisha kusoma majina siku ya matangazo. "Usisome ajurne na sauti ya mazishi," aliniambia. "Na usisome distinction kama uko kwenye ndoa ya dada yako. Sauti moja, toka mwanzo mpaka mwisho. Apariteri haina kabila, haina ndugu, haina furaha." Miaka mingi nilisoma hivyo.

Baadaye nilihamishiwa fakulte ya kilimo. Huko niliwajua walimu kwa ngazi zao: asista, ambaye anabeba vitabu vya wengine; C.T., mkuu wa kazi za mazoezi, ambaye anabeba fakulte yote. Na profesa, ambaye mara nyingi alikuwa safarini. Wengi walikuwa maprofesa wageni kutoka miji mingine. Profesa mgeni alifika na sanduku, akafundisha somo la miezi mitatu kwa siku sita, toka asubuhi mpaka jua kuzama. Siku ya tano hata chaki ilikuwa imechoka.

Nyuma ya oditwari, ukumbi wa masomo, kulikuwa na uwanja mdogo wa majaribio. Mwaka mmoja uwanja huo ulikuwa wa Jeanne, msichana kutoka Mahagi, mpole lakini mwenye shingo ngumu. Memwari yake, yaani kitabu cha utafiti cha kumaliza masomo, ilihusu chakula cha kuku. Kundi la kwanza lilikula mahindi peke yake. La pili, mahindi na soya. La tatu, mahindi na samaki wadogo wakavu wa Tchomia. Kila kuku alivaa pete ya plastiki mguuni: njano, buluu, nyekundu. Kila Jumamosi Jeanne aliwapima mmoja mmoja, nami nilishika miguu. Walinichafua suruali tatu kwa ajili ya sayansi.

Juma la sita, Doyen, mkuu wa fakulte, alinikuta kwenye korido akitokwa jasho.

"Apariteri! Profesa mugeni anafika midi, saa sita. Iko na njaa, ametokea Komanda na pikipiki. Itafutwe kuku."

Nilimkimbilia Mama Régine, mpishi wetu. "Mama, kuku ine, haraka!"

"Nitazitoa wapi?"

Nilikuwa nimebeba mafaili mikono yote miwili, kwa hiyo nilimwonyesha soko kwa kidevu. Kwa bahati mbaya, kati ya kidevu changu na soko kulikuwa na uwanja wa majaribio.

Saa saba tuliketi mezani: Profesa, Doyen, C.T. na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimebeba sanduku la mgeni. Kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo na kuku wa mchuzi. Profesa alikula paja, akaomba la pili. "Doyen," akasema, "hapa Bunia kuku zenu ziko na nyama ya kweli." Doyen akafurahi kama aliyewatotoa mwenyewe. Ndipo Mama Régine akaja kunong'ona sikioni mwangu, akiniwekea vitu vinne mkononi: "Papa, zile kuku zenu zinavaaga bijoux mguuni. Nimekutunzia."

Zilikuwa pete nne nyekundu. Mfupa ulikuwa bado mdomoni mwangu.

Jumamosi Jeanne alikuja na mizani yake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana sikustahili kuketi. Aliketi juu ya beseni, akalia bila sauti, kisha akafuta macho na kuuliza:

"Zilikuwa na kilo ngapi?"

"Mutoto yangu, sikuzipima. Nilizikula."

C.T., aliyekuwa akiongoza memwari yake, alimshauri ajaze namba. "Andika tu. Kuku zimekufa, hazitatoa ushahidi."

"C.T.," akajibu Jeanne, "mama yangu anauza samaki juu nisome. Hakunituma nivumbue kuku."

Doyen naye aliniita pembeni. "Profesa njo atakuwa rais wa juri. Ukisema alikula utafiti, utaenda Komanda kupakia malori." Nilikuwa na watoto watano shuleni. Nilinyamaza, na usingizi ukanikimbia.

Siku ya kutetea memwari, kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kutangaza kuingia kwa juri, walimu wanaohukumu memwari, na kufunga mdomo. Jeanne alieleza vizuri. Halafu Profesa akafungua ukurasa fulani.

"Mademoiselle, hapa juma la sita, kundi la tatu, imebaki kuku moja. Zingine ziko wapi?"

"Zilichinjwa, Monsieur le Président. Haikuwa mapenzi yangu."

"Nani alizichinja? Mutafiti anachunga data yake kama macho yake. Huu ni uzembe, nitakata pointi."

Jeanne alinitazama mara moja tu, akashusha macho. Kama angesema, pengine ningekana. Ukimya wake ndio ulionisukuma.

"Monsieur le Président," nikasema toka mlangoni, "kosa ni yangu miye. Na zile kuku… weye ulikula paja mbili."

Doyen alifumba macho kama anayesali. Profesa alivua miwani polepole.

"Siku ile ya sombe?"

"Ndiyo, Profesa."

Aliiweka juu ya memwari. Kisha akasema: "Muniitie mupishi."

Mama Régine aliingia na kitambaa chake kiunoni, mwiko mkononi.

"Mama, kulikuwa kuku za rangi tatu. Sababu gani ulikamata za pete nyekundu tu?"

"Profesa, nilianza kushika ya njano: nyepesi, nikaachilia. Ya buluu: si mbaya. Ya nyekundu, eeh! Hata kipofu angechukua ile."

Profesa alianza kucheka kimya, mabega yakitikisika, mpaka machozi. Watu wote wakacheka, hata Doyen, kwa kuchelewa kidogo. Jeanne alipata distinction, daraja la juu, maana majuma matano ya vipimo vyake yalikuwa safi na yalionyesha jambo lilelile. Sharti lilikuwa moja: aongeze maelezo chini ya jedwali. Profesa mwenyewe alimsomea aandike: "Vipimo vinavyokosekana vililiwa na rais wa juri."

Mimi nilipata barua ya kuombwa maelezo kwa maandishi. Nilijibu kwa mstari mmoja: "Nilionyesha kwa kidevu." Doyen alinihamishia maktaba, akasema kule hakuna kitu cha kulika. Hakuwajua panya wetu. Nilikaa kule hadi kustaafu.

Sasa vijana huniuliza nilijifunza nini chuoni bila kusoma hata somo moja. Nawaambia: niliona watu wenye vyeo wakiogopa, na binti asiye na cheo akikataa kuandika uongo wa gramu mia. Hilo halimo katika ratiba yoyote niliyobandika.

Mwaka huu nilikwenda kusikiliza matangazo, safari hii kama babu, nimebanwa kati ya akina mama wenye miavuli na makopo ya poda ya kuwamwagia waliofaulu. Apariteri wa sasa ni kijana nadhifu, anasoma kwa sauti moja iliyonyooka. Alipotaja jina la mjukuu wangu, satisfaction, daraja la kufaulu tu, sijui nini kilinipata: niliruka, nikapiga kelele mpaka kofia ikaanguka.

"Muzee," akasema kijana bila kuinua macho, "utulivu, tafadhali."

Nikanyamaza papo hapo, kwa kuwa alikuwa na haki. Lakini poda yangu ilikuwa imekwisha kuruka toka mkononi, na Doyen mpya alikuwa amesimama mbele yangu na koti lililokuwa jeusi.