Karatasi Namba Ishirini na Saba

Wanafunzi walimwita Wino Mwekundu, naye jina hilo alilijua na akalipenda, Mungu amsamehe. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza kwa miaka ishirini na mitatu, na neno lake kipenzi lilikuwa moja tu: disgraceful. Aibu tupu. Mwenyewe alifundisha kwamba neno hilo ni zito, ni la mtu aliyeiba chakula cha yatima, si la mtoto aliyekosea tahajia. Kisha huyo huyo, akiketi kusahihisha, analimwaga kama chumvi!

Tena alikuwa na mtindo wake. Insha mbovu kuliko zote aliisoma mbele ya darasa bila kumtaja mwenyewe, maana karatasi zilikuwa na namba tu, halafu darasa zima liitikie lile neno kwa sauti moja. Eti linawatia adabu.

Jumatatu ilisomwa namba ishirini na saba. Mwandiko wa kuku, mistari imepinda, nusu ukurasa mtupu. Darasa likaitikia, karatasi zikagawiwa, mwalimu akarudi zake nyumba za walimu, roho kwatu. Ndipo mkewe, mgonjwa wa kitandani mwezi wa pili sasa, akamuuliza kama ameuona mkono wa binti yao, mwanafunzi wa darasa hilo hilo. Mkono gani? Wa kulia, uliomwagikiwa maji ya moto akimkanda mama yake. Aliuficha ndani ya sweta asimpe baba presha, na insha akaiandika kwa mkono wa kushoto.

Jamani! Mwalimu aliivamia orodha ya namba na majina. Ishirini na saba ni mwanawe, kitinda mimba wake. Na alikumbuka vizuri: msichana alisimama na wenzake, akaitikia.

Leo Jumatano mtihani wa mwisho unaanza saa tatu asubuhi, na chumba cha binti kimefungwa kwa ndani tangu juzi. Chai imepoa mlangoni. Mwalimu amebembeleza, ametisha, ameapa, mpaka sauti imemkauka. Akiukosa mtihani huu, basi, miaka yote ya shule imekwenda na maji, na aliyemzamisha ni babake.

"Mwanangu, nisamehe," alisema, amepiga magoti. "Nilikosea."

Kisha binti akajibu kutoka ndani, "Litungie sentensi lile neno lako, baba. Si ndivyo unavyotufundisha?"

Alimeza mate. "Baba aliyewafundisha watoto wa watu kumzomea mwanawe ni disgraceful."

Karatasi namba ishirini na saba ikasukumwa chini ya mlango.

"Iandike."

Akaiandika chini ya lile neno lake, kwa haraka, karatasi sakafuni, hadi mistari ikapinda, hata yeye mwenyewe asingeweza kuisoma. Akairudisha. Huko madarasani kengele ya mtihani ikalia. Mwalimu alitega sikio asikie komeo likivutwa, lakini alichosikia ni mwanawe analia huko ndani.