Ufa wa Tanuri la Simbo

Ipo siku moja kule Simbo ambayo hunijia hata nikiwa nasinzia, mwanangu Rehema. Kwa kuwa keshokutwa unasafiri kwenda kwenye hiyo kazi yako ya kuzika moshi, acha nikusimulie.

Mama yangu alikuwa mjane. Alikata miti ya mwisho ya shamba letu, akaipanga, akaifunika kwa nyasi na udongo, akawasha tanuri la mkaa. Mkaa ule ndio ungetupatia mabati kabla ya mvua. Asubuhi moja akaniachia ulinzi, akaenda Ujiji kutafuta mnunuzi. "Ukiona ufa, ziba kwa udongo mbichi. Usingoje."

Ufa ukatokea. Moshi mwembamba wa buluu ukapanda, ukapinda taratibu kuelekea upande wa ziwa. Ulikuwa mzuri, mwanangu! Niliuwazia ukivuka maji hadi milima ya Kongo, nami nikivuka nao, sina uzito wala haraka. Nikajiambia nitaziba baadaye kidogo. Kumbe hewa inaingia, na moto unakula kuni ndani kwa ndani. Mama aliporudi alikuta majivu.

"Ufa uliuona?"

"Ego, mama. Niliuona."

"Mbona hukuziba?"

"Moshi ulikuwa unapendeza."

Hakunipiga. Alikaa chini, akasema kwa upole, "Basi mwaka huu tena tutalala tukihamisha mkeka kukwepa matone." Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Uliponieleza kazi yako nilidhani unanitania mimi bibi mzee. Kwamba moshi wa kiwanda unapitishwa kwenye dawa ya maji inayonasa hewa ya ukaa. Dawa ikipashwa moto, inaiachia. Hewa inabanwa mpaka inakuwa nzito kama maji, kisha inasukumwa kwa bomba chini sana ardhini. Huko inaingia kwenye mwamba wenye vitundu kama mkate wa kumimina, na juu yake kuna mwamba mwingine mgumu unaoifunika. Ikikaa miaka mingi, nyingine inayeyuka kwenye maji ya chumvi ya huko chini, nyingine inageuka jiwe. Nimekuelewa, usicheke.

Lakini hewa yako haina rangi. Ikivuja haitakupumbaza kwa uzuri, itatikisa kipimo kidogo tu, labda siku wakubwa wako wanasherehekea, na utatamani kungoja kesho. Usingoje. Wala usimruhusu mtu achome atakavyo kwa kuwa ninyi mpo wa kuzika. Kupunguza moto ndiyo kazi ya kwanza, yenu ni ya pili, na ya tatu ni kulinda mlichozika mpaka kwa wajukuu wenu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe jicho jepesi la kuona, na kinywa kisichoogopa kusema mbele ya watu wote: hapa panavuja, na zamu ilikuwa yangu.