Mguu wa Nne wa Kigoda

Mtaani walimwita Bado Unywele, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma kiwandani mpaka alipostaafu. Ukimpelekea kitu akutengenezee, hata kama wewe unakiona kimekamilika, yeye atakipima, atakunja uso na kusema, "Bado unywele." Basi utarudi kesho. Kesho ukirudi, utaambiwa vilevile. Lakini kazi yake ukishaipata mkononi, asikwambie mtu, huirudishi tena.

Mkewe naye alikereza, ila yeye mbao. Kerezo lake, yaani mashine ya kukerezea, lilikuwa kuukuu, la kukanyaga kwa mguu kama cherehani, alilorithi kwa baba yake. "Wanawake wengine huja kwa waume zao na masanduku ya nguo," mumewe alipenda kutania, "wangu alikuja na chuma cha kuvunja watu migongo." Kwenye egemeo la patasi, pale mkono wa kushoto unapokaa, chuma kilikuwa kimelika kikafanya kibonde. Kilianza kulika kwa mkono wa baba mtu, kikaendelea kwa mkono wa binti.

Asubuhi moja, mke akiwa anamtengenezea kigoda mtoto wao wa pekee, binti aliyekuwa ameolewa, kiharusi kikamwangusha. Miguu mitatu ya kigoda ilikuwa tayari. Wa nne ulibaki kwenye mashine, kijiti kitupu. Mama wa watu akapona, mikono ikawa mizima, lakini mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia, haukurudi.

"Mzee," akamwambia mumewe, "nifungie mota tu. Hicho kigoda nataka nikimalize kwa mkono wangu."

"Hilo tu? Hesabu umepata."

Mota alikuwa nayo, aliing'oa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa. Akaifuta vumbi, akaiweka juu ya rafu. Lakini fundi yule, unamjua, angefungaje mota kwenye mashine chafu? Akasema aifungue kwanza, aisafishe kidogo. Hapo ndipo alipojiingiza. Ndani alikuta kutu, chini ya kutu akakuta mhimili umelika, na mhimili ulipotoka, bushi zinazoushikilia nazo zikaonekana zimechoka. Akang'oa na kanyagio, akalitupa uani. Akazipaka reli za mashine rangi ya buluu ili aone palipoinuka, akakwangua, akapima, akapaka tena. Miezi ikapita hivyo.

Mkewe aliketi mlangoni mwa karakana, fimbo mapajani, akimtazama.

"Mzee, leo mota?"

"Bado unywele, bibie."

"Mimi sikuolewa na unywele."

Wakacheka wote wawili. Kisha mama akaacha kucheka. "Kweli nakuambia. Mbona unaifanya kama ya maonyesho? Mimi nina mguu mmoja wa kigoda, basi."

"Nataka upate mashine inayokustahili."

Na alisema kweli, hapo ndipo panapouma. Alimpenda mwanamke yule kwa njia moja tu aliyoijua, na njia yenyewe ilikuwa ndefu.

Siku moja akamletea lile egemeo la patasi alione. Alikuwa amelipiga tupa mpaka kibonde kikaisha, chuma kikanyooka sawasawa. Mkewe akapitisha kidole gumba kutoka upande huu hadi ule, akakirudisha tena polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha hapo jana.

"Limenyooka," akasema.

"Umeona!"

"Nimeona." Akamrudishia, akaomba apelekwe ndani akalale. Mume akarudi karakana akipiga mluzi. Alijua amesifiwa.

Wiki haikuisha, kiharusi cha pili kikaja, na hicho hakikuwa na huruma. Mota ilikuwa bado juu ya rafu.

Baada ya mazishi, wageni walipotawanyika, binti yao alibaki. Mzee aliondoka mezani bila kugusa chakula cha mchana, akaenda karakana, na binti akamfuata. Mzee akaiteremsha mota. Akatoboa matundu ya kuifungia, akavuta mkanda, akaunga waya, akabonyeza. Kerezo likazunguka kimya, safi, bila kutetemeka hata kidogo. Huko nje jua la mchana huo huo lilikuwa bado kali.

Binti akaitazama mashine, akamtazama baba yake. "Baba, ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, mwanangu."

Kwa kukosa la kufanya, mzee akaichukua ile miguu mitatu ya kigoda na kuipima, mazoea tu ya mkono. Haikulingana. Mmoja ulikuwa mnene kuliko wenzake, na si kwa unywele, ni kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Maisha yake yote ya ndoa alikalia vigoda vya mwanamke yule, akila, akifunga kamba za viatu, akimsubiri aoge, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumyumbisha.

"Malizia huo wa nne, baba. Mimi nitakikalia hivyo hivyo."

Mzee akakifunga kijiti, akawasha, akashika patasi ya mkewe. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe pale alipozoea kuuona mkono wa mwenzake, ukatafuta kibonde. Ukateleza. Chuma kilikuwa kimenyooka kabisa, hakina mahali pa mtu. Tupa iliyofanya kazi hiyo ilining'inia ukutani mbele yake, imepigwa brashi, imepakwa mafuta.

Akazima mashine.

"Alikuwa hapa," akasema, akisugua chuma kwa kidole gumba, akienda na kurudi. "Mama yako alikuwa hapa hapa, na mimi nikamfuta."

Akalia kwa sauti, mtu mzima, na kijiti kikabaki kimefungwa kwenye mashine.