Gusa Kimoja, Kisha Ungoje

Ile siku naikumbuka vizuri, mwanangu Issa. Najua utacheka nikikuita mwanangu, nimekuzidi miaka michache tu. Lakini jana uliniomba nikusaidie na kadi yako ya kwanza ya kilabu chetu cha elektroniki, nami nikajibu "ndiyo" na "apana" mpaka ukachoka, ukaondoka. Mdomo wangu mzito, unanijua. Kwenye karatasi naweza kusema.

Nilikuwa kwa Shangazi Zuhura, Buterere, mvua zinakaribia. Mimi na Diella wa darasani kwetu tulitengeneza kifaa cha kulinda mtaro ulio nyuma ya nyumba yake. Kadi ndogo ya mikrokontrola, yaani kibao chenye kompyuta ndogo, ilipima maji, na modemu ya simu ilitakiwa kumtumia Shangazi ujumbe yakipanda. Mvua za nyuma, maji yalimkuta amelala na mtoto wake mchanga. Alimwokoa kwa kumshika mguu. Na sasa mawingu yalikuwa yamekaa tena juu ya milima.

Lakini kadi na modemu hazikuelewana. Kadi ikiuliza, kwenye kompyuta majibu yalikuja vijisanduku na alama za ajabu. Mimi nikabadili waya, nikabadili kasi, nikabadili na programu, vyote pamoja. Basi hata zile alama zikakatika. Moyoni nikamlaumu Diella, maana modemu ilitoka kwake. Kumwambia sikuweza. Kumpigia mtu simu, kwangu ni kama kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani.

Shangazi alikuwa akimnywesha mtoto dawa ya kikohozi. Aliniangalia weee, mwisho akasema:

"Hadija, huyu mutoto nikimupa dawa tatu pamoja, akipona nitajua gani imemuponya?"

"Apana, Shangazi."

"Na akizidiwa?"

Nikatazama waya nilizozivuruga.

"Basi rudisha vyote vile vilikuwa. Gusa kimoja, ungoje uone. Bandu bandu huisha gogo. Na mwenzako, umemuuliza?"

"Ataniona mjinga."

"Mficha uchi hazai," akasema, kisha akakumbuka umri wangu, akageukia ukutani akicheka.

Nikarudisha vyote. Kwanza niliitoa modemu, nikaunganisha mdomo wa kadi na sikio lake yenyewe, yaani pini inayotuma na pini inayopokea. Nikaandika "salama". Ikarudi "salama", herufi zote zimetimia. Kumbe kadi ni nzima. Nikairudisha modemu. Nikakagua kama mdomo wa huku unaingia sikio la kule, na kama waya wa masi, ule unaowaweka wote wawili kwenye msingi mmoja, umeshika pande zote. Vilikuwa sawa. Alama za ajabu zikarudi, na safari hii nilifurahi kuziona: wanasikiana, ila kila mmoja anasema kwa kasi yake. Na kasi ya modemu aliijua Diella.

Nikampigia.

"We Hadija unanipigia? Nani amekufa?"

"Hakuna. Vitesse, ile kasi ya modemu... uliigusa?"

"Niliibadilisha kitambo, nikiijaribu kwetu Cibitoke. Nilingoja uniulize, lakini we unanikimbia kama mi ni mwalimu wa hesabu."

Akanitajia ile kasi. Nikaiweka kwenye programu, hiyo tu, sikugusa kingine. Nikachovya kipimo cha maji kwenye ndoo, simu ya Shangazi ikalia pale mkekani.

Mvua ilipokuja kweli, ujumbe ulimkuta anaosha vyombo. Alimfunga mtoto mgongoni, akabeba godoro, akapanda kwa jirani. Maji yakaingia nyumba isiyo na mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, viwili vikikosa kuelewana, usivivamie vyote. Jisikilize mwenyewe kwanza ujue kama u mzima. Kisha tafuta mdomo wa nani unaelekea sikio la nani, na wote wamesimama wapi. Badilisha kitu kimoja, ungoje jibu. Na palipobaki jambo analolijua mwenzako, muulize. Hiyo ya mwisho bado inanishinda siku nyingine, sikudanganyi, lakini kuuliza kunachoma mara moja tu, kunyamaza kunachoma kila siku.

Kesho njoo na kadi yako, nitajitahidi kusema. Mungu akupe mikono isiyo na pupa, akupe na watu watakaofurahi ukiwauliza. Amina, mdogo wangu.